Mtaalamu ni Nani? Funzo kutoka Ukambani

Katika majukwaa ya siasa, neno "mtaalamu" aghalabu hutumiwa kama rungu: mwenye shahada husikilizwa, asiyekuwa nayo hutakiwa kunyamaza. Historia ya Mbooni, uliko mji mdogo wa Tawa, yatutaka tulipime upya neno hilo.

Katika miaka ya 1930, eneo hilo likiwa bado katika wilaya ya Machakos, maafisa wa kikoloni waliona udongo ukimomonyoka. Hawakukosea, makorongo yalikuwa dhahiri shahiri. Wakahitimisha kuwa ng'ombe wamezidi, na mwaka 1938 wakaanza kuwapunguza kwa lazima. Waliihesabu mifugo, lakini hawakuihesabu ardhi ambayo Wakamba walikuwa wamepokonywa na kupewa walowezi. Wala hawakuuliza ng'ombe ni nini kwa mwenyewe: ni akiba ya mwaka wa ukame, ni mahari, ni heshima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali ilisitisha sera hiyo.

Je, utaalamu ulishindwa? La hasha. Udongo uliendelea kuhitaji tiba. Katika miongo iliyofuata, wakulima walichimba matuta ya fanya juu, wengi wao wakiwa wanawake katika vikundi vya mwethya. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kuwa kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka takriban mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua.

Hapa pana maswali mawili yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni kwa nini udongo unapotea. Hilo mtaalamu hulijibu kwa vipimo. La pili ni nani atakayelipa gharama ya kuuokoa. Hilo halijibiwi na kipimo chochote, bali na wenye kulipa. Anayelijibu la pili kwa mamlaka ya la kwanza ameuacha utaalamu, ameingia siasa kwa mlango wa nyuma.

Katiba ya Kenya ya 2010 inadai ushiriki wa wananchi. Lakini sera isiyoelezwa kwa lugha wanayoielewa wataishirikije? Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi: kuifasiri hoja ya mtaalamu hadi mkulima wa Tawa aweze kuipinga.