Nafuu ya Bei na Nafuu ya Mwili

Neno nafuu lina maana mbili ambazo mgonjwa huzihitaji kwa pamoja: bei iliyopungua na maradhi yaliyopungua. Ajabu ni kwamba nafuu ya kwanza aghalabu humtia shaka kuhusu ya pili. Akipewa dawa yenye jina asilolizoea, tena kwa bei ya chini, hudhani ameuziwa dawa bandia. Je, shaka hiyo ina msingi?

Dawa bandia ni hadaa; jenerika si hadaa. Panadol ni jina la biashara, ilhali kinachotuliza maumivu ni parasetamoli. Hataza ya dawa ikiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kuitengeneza, mradi ithibitishe kwamba kiini ni kilekile, kwa kipimo kilekile, nacho huingia katika damu kwa kiasi kinacholingana. Mwaka wa 2000, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kila mwaka katika nchi tajiri. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka jenerika zake kwa dola 350. Mwaka uo huo, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyorahisisha uagizaji wa dawa za bei ya chini.

Bayosimila nayo ni jambo jingine. Molekuli ya parasetamoli ina atomu 20. Ile ya trastuzumabu, inayotibu aina mojawapo ya saratani ya matiti, ina takriban 20,000, na huzalishwa ndani ya seli hai. Kwa kuwa seli hai si mashine, hata mtengenezaji wa awali hapati mafungu mawili yasiyotofautiana kabisa. Kwa hivyo, mtengenezaji wa bayosimila hudaiwa athibitishe kwamba tofauti ndogo zilizopo haziathiri usalama wala uwezo wa kutibu. Desemba 2019, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha bayosimila ya kwanza katika orodha yake, nayo ilikuwa trastuzumabu. Lilieleza kwamba kwa jumla bei yake ni ya chini kwa asilimia 65.

Hapa ndipo lugha inapogusa uhai. Mwanafunzi wa Kiswahili amsindikizaye mamaye kliniki huachiwa kazi ya kufasiri. Akisema "dawa ya kuigiza", mama atasikia ubandia na huenda akaiacha. Akisema "ni ileile", atakuwa amesema kweli kuhusu jenerika, lakini si kuhusu bayosimila, ambayo jina lake halisi lapasa kuandikwa katika faili kila inapotolewa. Kiswahili hakijapungukiwa: jenerika ni sawa na dawa ya awali, bayosimila inafanana nayo mno. Mama akielewa hivyo, atamwuliza mfamasia maswali yanayofaa: kiini chake ni kipi, na je, imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Majibu hayo, wala si bei, ndiyo yatakayomwonyesha kama dawa ni ya kuaminiwa.