Goma mpaka Kinshasa: safari ya ndani inayopita nchi za watu

Goma haijawahi kuwa na treni ya kwenda uwanja wa ndege, na hakuna mkaaji aliyeidai. Uwanja uko ndani ya mji, ubavuni mwa Birere. Mwenye safari alipanda pikipiki, motari akaweka begi mbele yake, na baada ya dakika chache walikuwa mlangoni. Kadi ya mpiga kura ilitosha. Siku hiyohiyo msafiri alilala Kinshasa.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoteka mji, mambo yamegeuka. Ndege za abiria ziliacha kutua. Katikati ya Februari uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, nao ulitekwa. Mwezi huo pia serikali ya Kinshasa ilifungia ndege za Rwanda anga ya Kongo.

Kwa hiyo mwenye safari ileile anavuka mpaka kuingia Gisenyi, anapanda basi la Kigali, zaidi ya kilomita 150 za milima na kona, kisha anatafuta ndege ya kumpitisha Entebbe, Nairobi au Addis Ababa kabla ya kushuka N'Djili. Wengine wanazunguka Uganda kwa barabara, wanarudi Kongo pale Kasindi na kupandia ndege Beni. Mkongomani anapigiwa mihuri ya kigeni ili afike mji mkuu wa nchi yake mwenyewe.

Mwenye dola anaumia mfukoni, lakini anafika. Familia zilizotawanywa na vita ndizo zinazobanwa: baba amekimbilia Kinshasa, mama na watoto wamebaki Goma. Habari ya msiba inaingia kwenye simu dakika ileile. Anayepaswa kuja kuzika anafika kaburi limekwisha kufunikwa.

Tarehe 30 Oktoba 2025, huko Paris, Rais Macron alitangaza kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ikajibu kwamba haikushauriwa. Dawa na chakula vinahitajika sana, na ndege hizo zingeokoa watu. Lakini mama yule hatapanda ndege ya misaada kumfuata mume wake.

Kwa sasa, anayepitia Kigali ahakikishe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla ya kulipa tiketi. Pesa ya tiketi hairudi kwa urahisi.