Asumini wa Ndoo, Bustani ya Mpangaji

Ukitaka kuijua Zanzibar, msomaji wangu, achana kidogo na Forodhani na pweza wake. Pita Darajani, uingie Ng'ambo mnamo saa kumi na moja jioni. Huko ndiko nilikoukuta mwasumini mfupi, umejifunga majani kama mwavuli, umepandwa kwenye ndoo ya rangi!

Mwenyewe ni bibi mmoja mpangaji. Nikampa shikamoo yake, akanikaribisha barazani huku mikono ikiendelea kuchuma. Alichuma tumba tu. Kumbe ua hili hufunguka usiku, na kesho yake weupe unaanza kuingia uwaridi, kisha linadondoka. Ukingoja lichanue, mshikaji, umeliwa. Tumba hutungwa kwa sindano na uzi, au huingia kwenye kikuba pamoja na mrehani na waridi, akina mama wakabandika kifuani wakienda harusini. Harufu yake usipime! Ufilipino wameufanya ua la taifa tangu 1934. Sisi tunaendea harusini, basi.

Nikamuuliza mbona asiupande chini, na uwanja upo.

"Nyumba hii imeuzwa mara mbili na mie nimo ndani, mwanangu. Mti ulio chini ni wa mwenye kiwanja. Huu wangu."

Anazo ndoo tatu. Vikuba vyake ndivyo vinavyomnunulia mkaa na sukari, kwa hiyo siku ya kuambiwa ahame, atahama na duka lake kichwani.

Mimi kwetu Dar mwenye nyumba kamwaga zege uani kote, hata mchicha hauna pa kuota. Nikaomba mbegu. Bibi akacheka: asumini huu hupandwa kwa kijiti. Akanikatia kimoja, kama sentimita 15, akapukuta majani ya chini. "Chukua hichi. Usinilipe."

Ndoo itoboe chini, maji yakituama mizizi inaoza. Changanya udongo, mchanga na samadi iliyokwisha kuoza. Kiweke kivulini, udongo uwe na unyevu, mpaka kishike. Baada ya hapo ni jua tu, angalau nusu siku. Na mkasi usiuonee huruma: maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ukishachuma, punguza. Ndiyo maana wa bibi ni mfupi hivyo, na umejaa.

Wangu una miezi miwili. Majani mapya sita, ua hata moja bado. Mwenye nyumba kashauliza ile ndoo ni ya nani.