Kisu kwenye mkoba wa bibi harusi



Sisi ni ndugu wawili, mafundi wa nguo za harusi. Tumezaliwa Galula, bonde la Ziwa Rukwa, Mkoa wa Songwe, na duka letu liko Tunduma, mpakani na Zambia. Kila bibi harusi tunayemshonea tunampa zawadi ya kikasha kidogo: sindano, nyuzi za rangi ya nguo zake, vifungo vya akiba, tepu, na kisu cha kukunja cha kukatia nyuzi na kufumulia mshono. Leo tunataka kuwasimulia habari ya hicho kisu.

Kwetu Galula kisu si kitu cha kushangaza. Mama anakwenda shamba la mpunga na panga kichwani na mtoto mgongoni, na kila anayepishana naye anamwamkia tu. Kwa hiyo hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mahali zawadi yetu inaweza kumtia mtu matatani.

Mwaka jana tulimwoza binti wa shangazi yetu. Mume ni kijana wa Unguja anayeishi London. Nikaha ilifungwa Unguja, bwana harusi akiwa na joho, kilemba na jambia kiunoni, mashallah. Baada ya miezi michache mdogo wetu akamfuata mumewe, na kikasha chetu akakitia kwenye sanduku kubwa, maana kwenye mkoba wa mkononi kisu kingemzuia kupanda ndege.

Usiku mmoja akatuandikia kwenye simu: "Dada zangu, kisu chenu sasa kinakaa kwenye mkoba. Natoka kazini saa nne usiku, njia ina giza, naogopa."

Kusema kweli, tulifurahi. Tukaona heri ana kitu mkononi. Tulipomsimulia mteja wetu mmoja aliyewahi kuishi huko, akaweka chini kitambaa alichokuwa anachagua. Akasema, "Mwambieni akitoe leo hii hii." Kisha akatueleza, na baadaye tukahakikisha wenyewe.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1988 inayokataza kubeba kitu chenye makali au ncha mahali pa watu bila sababu nzuri. Kisu cha kukunja kimeachiwa, kama makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kama kinakunjika wakati wowote. Kile kinachojifunga kikishakunjuliwa hakimo kwenye ruhusa hiyo. Tukachukua tepu tukapima visu vilivyobaki dukani: inchi 2 na nusu, na havijifungi. Tukashusha pumzi.

Mteja wetu akatukatiza. "Kisu chenu ni halali. Alichowaandikia ndicho si halali."

Hapo ndipo tulipoelewa. Kuna sheria nyingine ya mwaka 1953 inayohusu silaha. Kitu chochote mtu anachokibeba kwa nia ya kumdhuru mwingine ni silaha, hata kama ni mkasi wa fundi, na kusema "nilikibeba nijilinde tu" hakumwokoi. Kifungo kinaweza kufika miaka 4. Kisu kile kile, kikiwa na nyuzi na sindano kwa ajili ya kazi, hakina neno. Kikiwa kwenye mkoba kwa ajili ya mtu wa gizani, ni kesi.

Tusidhani ni ukali wa Wazungu tu. Hapa kwetu pia Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatisha watu. Na sisi Waislamu tulifundishwa adabu hii zamani sana. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Hakumkataza kuwa na mshale. Alimtaka awafikirie watu aliokuwa nao.

Tulimpigia mdogo wetu siku hiyo hiyo. Alikasirika kidogo. "Sasa nitembee mikono mitupu?" Tukamuuliza, mumeo anajua kama unaogopa? Akanyamaza. Hakuwa amemwambia. Mume anafanya kazi mbili, naye hakutaka aonekane mke mgeni anayelalamika. Alikuwa amelificha lile jambo pamoja na kisu.

Tukamwambia kisu akirudishe kwenye kikasha, na jambo alitoe. Usiku ule akamweleza mumewe. Yule kijana alisikitika kwamba hakuambiwa mapema. Siku anazoweza anamngoja kituoni. Siku asizoweza, mdogo wetu anaongozana na mwenzake wa kazini, na ameomba zamu ya mchana, inshallah ataipata. Hofu haijaisha yote, lakini sasa wanaibeba wawili.

Na jambia la bwana harusi, mtauliza? Sheria ile ya 1988 inataja kazi, dini na vazi la taifa miongoni mwa sababu zinazokubalika. Hata hivyo, mkifanya walima huko, lisafiri kwenye sanduku, livaliwe ukumbini, lisichomolewe alani kwa mzaha, na shughuli ikiisha lirudi kwenye sanduku. Lisizurure na vijana barabarani usiku.

Nasi tumebadilisha kidogo zawadi yetu. Bibi harusi anayehamia mbali tunamuuliza kwanza anakwenda wapi. Kisu bado tunampa, cha kukunja, kifupi, kisichojifunga, na tunamwambia kwa mdomo wetu: hiki ni cha uzi. Siku ukikitaka kwa jambo jingine, kabla hujakitia mkobani, mwambie mumeo, mwambie mama, au tupigie sisi. Hata saa nane za usiku tutapokea.

Allah awahifadhi maharusi wetu popote walipo, njiani na majumbani mwao. Amin.