Mgeni wa Idi Katika Nyumba za Masanze

Nchi ya Kilosa ni nchi ya njia tangu kale. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita katika mabonde ya Usagara, ikapumzika, ikapata maji na chakula. Lakini yuko pia mgeni aliyekuja kwa hila. Mwaka 1884 Carl Peters alifika Msovero, katika wilaya hiihii, akaondoka na karatasi ya mkataba ambayo baadaye ilitumika kuidai nchi nzima. Hivyo ugeni una adabu mbili: adabu ya mwenyeji na adabu ya mgeni.

Wageni wa Masanze siku hizi, alhamdulillahi, ni ndugu zetu wenyewe. Idi ikikaribia, wana na wajukuu hurejea kutoka Dar es Salaam na Morogoro. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Kilosa, na safari iliyokuwa ikichosha imekuwa ya saa chache. Wengine hushukia Mikumi, katika barabara kuu iendayo Iringa. Njia ikifupika, wageni huongezeka.

Mwezi wa Kiislamu haufuati majira. Kila mwaka Idi hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja. Idi ya Fitri ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, na ya 2025 tarehe 31 Machi. Basi miaka hii mgeni anatukuta katika masika: njia ina tope, mbu ni wengi, mpunga ungali shambani na ghala limekwisha kupungua. Hapo ndipo baadhi ya wenyeji hukopa, au huuza hata akiba ya chakula, ili wa mjini wasiwaone maskini. Sikukuu hupita, deni likabaki mpaka mavuno, na wanaolilipa ni watoto, kwa njaa.

Ndugu msomaji, Nabii Ibrahimu (a.s.) alipofikiwa na wageni asiowajua hakuwauliza kama wana njaa. Aliwaendea watu wa nyumbani kwake kimyakimya, akarudi na ndama aliyenona. Maulamaa wametuonyesha katika kisa hiki kwamba alitoa kilicho bora katika alivyokuwa navyo, na kwa haraka. Hakwenda kutafuta asichokuwa nacho. Mwenye ng'ombe na achinje, mwenye jogoo na achinje, na mwenye mboga za majani na aziunge vizuri kwa uso mkunjufu.

Yako matayarisho yasiyodai fedha nyingi. Ua ufagiliwe, na madimbwi yanayozalisha mbu yafukiwe. Choo kisafishwe, kitiwe jivu, na mlangoni pawe na maji na sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe na kufunikwa, kwa kuwa mvua huchukua uchafu ikautia mitoni na visimani. Mikeka na mablanketi yaanikwe mapema jua lionekanapo, na vyandarua vishonwe palipotoboka.

Kisha yatazamwe malazi. Katika Sura An-Nur, aya ya 58, tumefundishwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hubisha hodi: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Sala ya Isha. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na wawili yaihitaji adabu hii zaidi. Wanaume walale upande wao, wanawake upande wao, na kanga moja iliyotundikwa yatosha kuwa pazia.

Na kabla ya kupima mchele wa wageni, pima kwanza Zaka ya Fitri: pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu wa nyumba yako, imfikie maskini kabla ya Sala ya Idi. Haifai harufu ya pilau yetu imfikie jirani kabla ya haki yake.

Mgeni naye ana wajibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa hata amtie mwenyeji katika dhiki. Wahenga wetu nao walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika masika ya Masanze jembe hilo si la mfano. Palizi ipo inangoja. Basi kijana utokaye mjini, njoo na sukari na mafuta mkononi, na asubuhi ya tatu umfuate mzee shambani. Ukiondoka hivyo, nyumba itakukumbuka kwa kheri, na mwaka ujao itakuwa na nguvu ya kukupokea tena.