Kamera ya Marehemu Baba

Mama yangu hapigwi picha. Miaka kadhaa iliyopita, katika harusi ya wanawake watupu, mtu alimnasa kwa simu akiwa kichwa wazi, na kabla ya alfajiri sura yake ilikwisha kutembea katika majumba ya watu asiowajua. Tangu siku hiyo, simu ikiinuliwa, yeye huinamisha uso. Mwaka huu alipoanza kudhoofika, nilimsihi aniachie picha moja tu. Akafikiri, kisha akasema, "Kwa kamera ya babako, sawa. Ile haisemi na watu."

Masheikh wetu wamehitilafiana katika hukumu ya picha, na mlango huo siuingii. Nasimulia habari ya kamera.

Ni ya Kijerumani, ya kukunja, iliyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili: mbele mvukuto wa ngozi, nyuma kioo cha ukungu ambamo mtu huonekana kichwa chini. Haikuundwa kwa filamu ya kuviringisha. Hutumia kioo kilichopakwa dawa, cha sentimita 9 kwa 12, kimoja kwa kila picha, ndani ya kasha jembamba la bati lenye kifuniko cha kuvuta. Makasha niliyakuta matatu. Kioo chenye dawa, hata kimoja.

Nilidhani utafutaji utakuwa wa siku mbili. Ulichukua miezi mitano. Wapiga picha wa mjini walicheka kwa adabu. Kumbe filamu za vipande vya kipimo hicho zingali zikitengenezwa, na Ilford ya Uingereza na Foma ya Jamhuri ya Cheki, na ng'ambo wapo mafundi wachache wanaopaka vioo dawa kwa mikono yao. Lakini gharama ya kuzisafirisha, juu yake ushuru, ilinishinda. Anayetaka kuagiza na apime kwanza: kamera nyingi za Kiingereza za zama hizo hutumia inchi 3¼ kwa 4¼. Kwa macho tofauti ni ndogo, ila kipande hakiingii. Hata makasha hayaazimani. La kiwanda hiki laweza kukataa kamera ya kiwanda kile kwa unene wa ukucha.

Jawabu lilitoka nyumbani. Mpwa wangu ni fundi wa eksirei, na hospitalini kwao walipohamia kwenye kompyuta, maboksi ya filamu yaliyopitwa na muda yalikuwa ya kutupwa. Aliomba ruhusa, akaniletea boksi moja la sentimita 18 kwa 24. Kila karatasi hutoa vipande vinne barabara. Filamu hiyo ina dawa pande zote mbili, kwa hivyo huchubuka upesi, lakini ina fadhila moja kubwa: haioni rangi nyekundu. Unaweza kuikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu, bila kupapasa katika kiza totoro.

Ikabaki taabu ya unene. Kioo huzidi milimita moja. Filamu ni nyembamba mno, hulegea kashani na picha ikatoka ukungu. Zamani ziliuzwa ala za bati za kuishikilia. Mimi nilimpelekea fundi bati wa mtaani kadibodi ya mfano. Alikata mkebe wa samli, akakunja kingo tatu, nami nikapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Ala ya kwanza haikuingia. Ya pili iliingia, ikakataa kutoka. Ya tatu, alhamdulillahi. Mvukuto nao niliutia tochi ndani usiku, zikatokea nyota saba. Nikaziziba kwa gundi na vipande vya buibui kuukuu.

Dawa ya kusafishia niliichanganya jikoni: kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi ya kufulia na vitamini C. Njia ya kusafisha kwa kahawa ilibuniwa mwaka 1995 na mwalimu na wanafunzi wake katika chuo kimoja cha Rochester, Marekani. Magadi ya kupikia maharagwe hayana nguvu ya kutosha. Niliharibu vipande viwili ndipo nikajua. Dawa ya kuimarisha picha ndiyo sikuichanganya jikoni, tukanunua ile ya eksirei.

Alhamisi moja baada ya Alasiri, Mama alikaa ukumbini, mlango wa nje umekomewa, kichwa wazi, nywele amesuka. Nusu sekunde tu. Nilimwambia asitikisike, lakini niliona midomo yake ikisoma Bismillahi.

Usiku tuliingia bafuni sote wawili, yeye juu ya kigoda, akilalamikia harufu ya kahawa. Mara sura ikaanza kupanda taratibu ndani ya sinia, naye akanyamaza.

Katika negativu, cheupe huwa cheusi. Niliiinua ikichuruzika maji, na mvi zote za Mama zilikuwa nyeusi ti. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hizi ndizo nywele alizozijua babako," akasema.

Ilipokauka nilitaka kuichapa kwenye karatasi. Alikataa. Aliifunga katika kitambaa cha hariri, akaiweka sandukuni mwake, akaurudisha ufunguo shingoni.

"Siku utakayouvua ufunguo huu, mwanangu, ndipo utaichapa."