Doa chini ya gari, na kijana aliyesema ukweli

Doa la kwanza lilikuwa dogo, kama sarafu ya shilingi 100. Mama aliliona Jumapili asubuhi alipokuwa akifagia uwanja wa nyumba yao huko Kimara, Dar es Salaam. Alidhani ni maji ya kiyoyozi cha gari. Aliposugua kwa ncha ya ndala, doa halikufutika. Lilitanuka, likang'aa.

"Baba watoto, njoo uone. Gari linavuja."

Baba alitoka na kikombe cha chai mkononi. Aliinama, akachovya kidole, akanusa. Oili. Hakuuliza swali hata moja. Aligeukia dirisha la chumba cha mtoto wake wa kwanza, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani.

Alikuwa na sababu. Siku tatu kabla, kijana huyo wa miaka 20, ambaye leseni yake haikuwa imefikisha miezi minne, alitumwa kumpokea bibi yake kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi. Aliporudi alishusha mizigo, kisha akamfuata baba yake sebuleni bila kuulizwa. "Shikamoo baba. Kuna tuta sikuliona njiani. Gari limekwaruza chini." Siku hiyo baba aliitikia tu, macho yakiwa kwenye taarifa ya habari. Sasa maneno yale yalimrudia, na kwake kesi ilikuwa imekwisha.

"Umepasua bakuli la oili. Lete ufunguo."

Kijana aliingia ndani, akaleta ufunguo, akauweka mezani, akarudi chumbani. Hakujitetea. Tangu siku hiyo akawa anakula baada ya wenzake kumaliza. Akiitwa, anaitika "Abee" na kunyamaza.

Bibi alikuwa amekaa kibarazani akiyaona yote. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, ulimuuliza au ulimhukumu?" Baba akajifanya hakusikia.

Jumatatu jioni alipeleka gari kwa fundi wa karibu na barabara, si yule wa siku zote. Fundi alijilaza chini, akaona bakuli limelowa na tone linaning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili. Pembeni yake palikuwa na alama mpya ya mkwaruzo. "Bosi, ni hapa hapa." Alibadilisha washa ya bolti, akaikaza, akalipwa. Baba alirudi nyumbani ameridhika. Tatizo limekwisha na mkosaji anajulikana.

Alhamisi asubuhi doa lilikuwa pale pale.

Hasira ikapanda. Sasa baba alitaka bakuli zima lishushwe na libadilishwe, na gharama ikatwe kwenye fedha aliyomwekea kijana kwa ajili ya kozi ya kompyuta. Mama, ambaye ni muuguzi wa zahanati, alisubiri mpaka watoto walipolala.

"Mgonjwa akija na mguu umevimba, si lazima ugonjwa uwe mguuni," alimwambia. "Unaweza kuwa moyo, unaweza kuwa figo. Tunapima kwanza. Na kuna kitu kingine. Nikiendesha mimi, tukisimama kwenye foleni, nasikia harufu ya kitu kinaungua. Bakuli liko chini, baba watoto. Litaungua na nini?"

Baba hakuwa na jibu. Walikubaliana kupima.

Kupima kabla ya kulaumu

Kazi ilianza Ijumaa jioni. Baba alikunjua boksi kubwa, akalitandika chini ya injini na kuweka alama za kalamu mahali magurudumu ya mbele yalipokaa, ili kesho ajue kila tone limeanguka usawa gani. Asubuhi boksi lilikuwa na madoa matatu. Hayakuwa maji, ambayo hudondoka kiyoyozi kikiwa kimetumika na si ugonjwa. Hayakuwa mekundu kama mafuta ya giaboksi ya magari mengi yanayojiendesha gia, wala hayakuwa na rangi ya kijani au waridi na ute wa maji ya rejeta. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea. Oili ya injini.

Akapima kiwango. Injini ilikuwa imelala usiku kucha, gari likiwa sehemu tambarare. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili. Imepungua, lakini si ya kuua injini. Hilo lilimpa utulivu wa kuendelea bila haraka.

Kisha wakaosha. Injini ilikuwa ya baridi. Mama alifunika altaneta na viungio vya nyaya kwa nailoni, baba akasugua injini kuanzia juu mpaka chini kwa mswaki wa zamani na sabuni, akifuta kwa kitambaa chenye maji badala ya kumwaga ndoo. Gari halikupigwa jeki na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuingia uvunguni. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na uhai wa mtu. Waliyotaka kuyaona yalionekana kwa kuinama na tochi ya simu.

Injini ilipokauka, binti yao wa darasa la sita alipewa kopo la poda ya mtoto. Alinyunyizia kila mahali baba yake alipomwonyesha, mbali na mikanda na nyaya, mpaka injini ikawa kama andazi lililopakwa unga. Mafundi wengi wanaijua njia hii. Poda hubaki nyeupe palipo pakavu, na oili inapopita huacha mstari mweusi.

Baba aliendesha gari mpaka dukani na kurudi, kama robo saa, akazima. Baada ya kuacha joto lipungue, alifungua boneti. Alikwenda moja kwa moja chini, kwenye ule mkwaruzo wa tuta. Alimulika, akamulika tena.

Poda ilikuwa nyeupe pale, kavu kabisa.

"Baba," binti aliita kutoka upande wa pili, "mto unaanzia juu huku."

Kweli ulikuwa mto. Mstari mwembamba mweusi ulianzia chini ya kifuniko cha juu cha injini, kile ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Uliteremka nyuma ya injini, tone moja likipotelea karibu na bomba la moshi, ndiyo ile harufu ya kwenye foleni. Mengine yaliendelea kushuka, yakazunguka ukingo wa bakuli, yakakusanyika kwenye bolti, kwa kuwa bolti ndiyo ilikuwa sehemu ya chini kuliko zote. Oili huteremka, na gari likiwa kwenye mwendo upepo huisukuma nyuma. Inapodondokea sipo inapotokea. Ndiyo maana anayetafuta uvujaji huanza na sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Alizungumza taratibu.

"Fundi alikwambia mwezi wa tatu."

Baba alikumbuka. Siku ya kubadilisha oili, fundi wake wa siku zote alimwambia gasketi ya tapeti kava imekakamaa na imeanza kutoa jasho, waibadilishe kabla haijaanza kudondosha. Yeye alijibu, "Mwezi ujao." Mwezi ujao ukapita, na mwingine, na mwingine.

Gasketi mkononi

Mchana ule ule alimrudia fundi wake, safari hii akiwa na kijana kando yake. Fundi alifungua kifuniko na kuitoa gasketi. Ilipaswa kuwa laini kama mpira wa manati, lakini joto la miaka lilikuwa limeigeuza ngumu kama plastiki. Alipoikunja ilikatika. Alisafisha pande zote mbili, akaweka mpya, akakaza bolti kidogo kidogo kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje. "Ukikaza moja mpaka mwisho ndipo ukimbilie nyingine, kifuniko kinapinda na utavuja tena," alimweleza kijana. Kijana aliangalia kila hatua bila kusema kitu.

Njiani kurudi, baba alisimamisha gari kando ya barabara.

"Mwanangu, nimekukosea. Tuta halikuharibu kitu. Uzembe ulikuwa wangu, nikautupia kwako. Nisamehe."

Kijana alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu.

"Nimekusamehe, baba. Lakini kuna kitu nilikiwaza wiki nzima. Lile tuta hakuna aliyeliona. Bibi mwenyewe alikuwa amesinzia. Ningenyamaza, usingenifikiria kabisa. Nilipata adhabu kwa sababu nilisema."

Maneno hayo yalimuumiza baba kuliko gharama zote. Doa kwenye saruji linasuguliwa likatoka. Kijana anayejifunza kwamba nyumbani kwao ukweli unaadhibiwa, huyo hulioni doa lake. Unaona tu kwamba siku hizi hasemi. Gari likipata hitilafu, utaambiwa "sijui". Likija tatizo kubwa kuliko gari, utalisikia kwa watu.

Baba hakutoa hotuba. Alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wa kijana.

"Endesha wewe. Ufunguo uko hapo."

Boksi lilibaki chini ya gari wiki nzima, na kila asubuhi binti alitoka kulikagua kabla ya kwenda shule. Halikupata tone jipya. Jioni walianza tena kula pamoja.

Wiki tatu baadaye kijana alimrudisha bibi yake kituoni Mbezi. Aliporudi, baba alikuwa sebuleni, taarifa ya habari ikiendelea. Kijana alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, akasita kidogo.

"Shikamoo baba. Wakati wa kuingia getini nimekwaruza kioo cha pembeni."

Baba alizima televisheni.

"Marahaba. Asante kwa kuniambia. Bibi amepata kiti kizuri? Haya, chukua tochi, twende tukakiangalie."